Zamu ya Shamba la Mama

Jumatatu, 10 Novemba 1969
Mvua imeanza upande wa Bunda. Shamba la pamba bado. Nimelima peke yangu siku nne, hata nusu sijafika. Mama akiwa hai sikujuaga shida hii. Wanawake wa klabu yake ya kulimiana walikuwaga wanakuja kwa zamu, kila mtu na jembe yake, saa nne wamemaliza. Leo miezi mitano tangu tumzike. Nikikohoa ndani naona kama kuna mtu ananijibu.

Jumatano, 12 Novemba
Nimeenda kwa Bibi Nyamburi, mwenyekiti wa klabu. Nimesimama mlangoni mpaka akaniuliza, wewe mtoto wa marehemu Wankyo, umekuja kuhesabu kuku wangu? Nikasema, zamu ya mama. Basi.

Akanihadithia. Mwaka wa sitini na mbili walikuwa tisa tu, mama alikuwa wa tano kujiunga. Walibeba mawe ya zahanati kichwani, wanaume wanawacheka barabarani. Mama alibeba na mimba ya mdogo wangu, yule aliyekufa. Hiyo sikuijua. Mama hakuniambiaga.

Kasema klabu haijawahi kulimia mwanaume. Atauliza wenzake.

Jumatatu, 17 Novemba
Wamekubali! Alhamisi. Ila mwenye zamu anapika, ndiyo desturi yao. Wakila kwako, wewe ni mwenzao, na mwakani watakuja tena. Wasipokula — ndiyo mwisho.

Mama Kwangu, yule wa utani kwenye klabu, kaniambia kisimani, basi mwanangu, oa kabla ya Alhamisi. Wakacheka wote. Na mimi nimecheka. Dada sina. Nimefika mpaka kwa Magesa, jirani, niombe binti yake aje kupika. Nimemsalimia Magesa, nikarudi bila kuomba.

Jumatano, 19 Novemba
Nimepata samaki, sato wanane wa Mugango. Nimesaga mtama na muhogo kwa jiwe la mama. Mkono umechubuka.

Alhamisi, 20 Novemba
Wamekuja kumi na sita. Wamelima wanaimba, na jina la mama wameliweka kwenye wimbo. Nilikuwa mstari wa mwisho, sikuinua kichwa.

Shamba limekwisha. Nimetoa ugali na samaki. Mama Kwangu akauliza, nani kapika? Nikasema, mimi. Akangoja nicheke. Sikucheka.

Huku kwetu mwanaume haingii jikoni, na mwanamke mtu mzima hali ugali alioupika mwanaume. Najua. Hata jana nilijua. Mmoja akasema polepole, mimi nyumbani nitasema nini? Mwingine akachukua jembe yake, lakini hakuondoka.

Bibi Nyamburi kaomba maji ya kunawa. Kanawa mkono mmoja, anawaangalia wenzake. Hakuna aliyesogea.

Nimesema naingia ndani kuchukua chumvi. Chumvi nimeshaishika. Naandika nimesimama, nasikiliza kama kuna mwingine anaomba maji.