Gunia Limekalia Mto wa Mke Wangu

Jumapili, jioni. Manyunyu tangu mchana, Tunduma yote tope. Natamani kujificha, ila hata nyumbani kwangu sina pa kuuweka uso.

Leo tumembatiza mtoto wetu wa mwisho. Baada ya ibada watu wakaja kwetu kula na kuiona treni yangu. Ndiyo, treni. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, na nilishaitangaza mtaani mpaka majirani wakanichoka.

Niieleze basi, maana aibu yangu imo humo humo. Betri mbili za gari nimeziunganisha, hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine, nikapata volti ishirini na nne. Umeme unapita kwenye kontrola niliyoing'oa kwenye skuta mbovu. Ukizungusha mkono wa gesi, kontrola inaachia umeme zaidi uende kwenye mota, mota inavuta mnyororo wa pikipiki, na mnyororo unazungusha magurudumu ya kichwa cha treni. Reli nimezichomelea mwenyewe, zinaizunguka nyumba. Betri zinakaa behewa la nyuma, kwa sababu kichwani zilikosa nafasi. Juu ya kichwa kuna mto mwekundu alioushona mke wangu.

Mwenyewe, Mama Anita, akawa wa kwanza kuukalia, na kitenge chake kipya, ndugu zake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakimpigia vigelegele. Mdomo wangu huu! Nikaropoka, "Hebu shuka bwana, utaivunja na huo mwili!"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Akashuka, akajifanya anakwenda kuangalia wali.

Watoto wakajaa kwenye mabehewa. Nikazungusha gesi. Magurudumu ya kichwa yakazunguka pale pale kwenye reli iliyolowa, yanapiga kelele tu, treni haisogei. Nikaelewa papo hapo. Kichwa ni chepesi mno, hakina kitu cha kukikandamiza ili magurudumu yashike reli. Kilihitaji mtu mzima, pale pale juu ya mto.

Ningemwita. Kiburi kikanizuia. Nikamchukua shemeji yangu, tukabeba gunia la mahindi kutoka stoo, tukalitua juu ya mto. Treni ikaondoka vizuri kabisa, watoto wanashangilia.

Wakubwa wote pale wanalima mahindi au wanayauza. Uzito wa gunia wanaujua: linamzidi Mama Anita, na treni haikuvunjika. Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Anita alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, anatazama.

Wageni walipoondoka nikamfuata jikoni. "Mama Anita, nisamehe jamani. Nilikuwa natania."

Hakugeuka. "Kiti changu umeliachia gunia, Baba Anita. Ongea nalo."

Nimekwenda kulishusha peke yangu. Mto umepasuka mshono, sufi imetoka nje, imelowa.

Najionea haya. Nimemwaibisha mbele za watu, halafu nakwenda kumwomba radhi nyuma ya sufuria! Hiyo si radhi.

Jumatano jumuiya yetu ya kanisa inasali kwetu. Watakuja walewale waliocheka. Nitasimama nikiri mbele yao, mto nikiwa nimeushona kwa mikono yangu hii isiyojua sindano. Treni itakuwa relini, betri zimejaa chaji, na kichwani sitaweka gunia wala jiwe.

Sijui kama atakaa. Asipokaa, treni itabaki pale pale, na kila mtu atajua kwa nini.