Feni ya Kwa Feni

Nyambureti, 9 Machi 1992

Kwa mume wangu Mwikwabe,

Mimi mzima, ila goti la kushoto limejifanya mtawala wa nyumba hii. Wewe je? Unakula? Usinijibu "nakula" tu, sema unakula nini. Mvua imeanza, mtama umeota, na jirani yangu Bernadetha anakusalimu, mdomo wake bado haujachoka.

Sasa nisikilize. Waitara, kondakta wa basi, ameniambia amekukuta kando ya barabara, boneti wazi, moshi unafuka, wewe umeshika kopo la maji kama mtu anayeosha maiti. Abiria wote wakachungulia. Landrova ya babu yako! Nilikuruhusu uivute mpaka Tarime kwa neno moja tu: hutashuka tena kwenye mashimo ya dhahabu kule Nyamongo. Mkono ulioshika spana haushiki sururu. Tulikubaliana au hatukukubaliana?

Babu yako alilinunua gari lile kwa mzungu wa mgodi aliyekuwa anarudi kwao. Siku alipolileta, wanawake waliacha jembe shambani. Tulipakia pamba nyuma, mimi nakaa mbele, kitambaa kipya kichwani. Tukifika mtoni anasimama, nashuka na debe, namimina maji pale mbele, yeye anasema, "Polepole, Bhoke, anakunywa." Lilikuwa linakunywa kama ng'ombe mwenye adabu, halafu tunaenda. Halikuchemka hata siku moja. Umelilisha nini wewe?

Dada yangu yuko Sirari, amezeeka kuliko mimi. Nataka nifike mlangoni kwake nikiwa nimekaa mbele.

Kusoma nilisoma ngumbaru, kwa hiyo andika herufi kubwa.

Bibi yako,
Bhoke


Tarime, 21 Machi 1992

Bibi, shikamoo.

Nakula ugali na dagaa, na Jumapili maharage. Pole na goti. Msalimie Bernadetha, mwambie nimesikia.

Bibi, gari halina kosa, kosa ni la vipuri. Kila kimoja kimetoka kwenye gari lake. Rejeta ni ya Bedfodi, tumeikalisha kwa waya na mbao. Pampu ya maji ni ya Pijo. Mipira ya rejeta nilitumiwa na mjomba Obura kutoka Migori, mmoja mnene mmoja mwembamba, nikaunganisha kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Vyote hivyo Fundi Tomaso amevipatanisha. Shida imebaki feni. Hii niliyofunga ni ya lori, mapanga yake yamepinda upande mwingine. Badala ya kuvuta upepo upite kwenye rejeta, inausukuma mbele. Basi gari likisimama linapoa kidogo, likikimbia linachemka, kwa sababu upepo wa njiani unagombana na upepo wa feni mlangoni. Tomaso anasema, "Hili gari lako linataka kwenda Mugumu kinyumenyume."

Bibi, ile feni iliyo kwenye nguzo ya lango letu. Naiomba.

Kuna jambo lingine, sitaki ulisikie kwa Waitara. Felix, rafiki yangu wa shimoni, alikuja hapa gereji. Duara lao, shimo wanalochimba, limejaa maji. Anasema Landrova isiyopoa ni mashine ya maji iliyokaa bure, tuipeleke injini ivute maji, nami nipewe viroba vya mawe ya dhahabu katika kila mgawo. Sijamjibu.

Mjukuu wako,
Mwikwabe


Nyambureti, 2 Aprili 1992

Mura, kijana wewe,

Salamu nitakupa mwisho kama zitabaki.

Feni siitoi. Wewe umezaliwa hapa hujui jina la kwenu? Mtu akishuka Mugumu akauliza, wanamwambia pita shule, pita kisima, kwa Feni ni pale. Barua ya kanisa inakuja "Kwa Feni". Posa za shangazi zako zililetwa kwa Feni. Gari lilipokufa wakati wa vita, mafuta hakuna, babu yako alilisimamisha juu ya mawe, akatoa feni, akaipigilia langoni kwa mkono wake. Akasema, "Bhoke, gari limelala, upepo wake usilale." Kiangazi ikawa inazunguka yenyewe, krii, krii, nami najua yupo. Amekufa, inazunguka. Ning'oe hiyo? Kwa sababu wewe huwezi kutofautisha panga la kulia na la kushoto?

Tafuta nyingine. Tarime nzima imejaa vyuma.

Na huyo Felix mwambie injini ya babu yako haifanyi kazi ya kibarua ndani ya tope.

Salamu zimeisha.

Bibi yako


Nyambureti, 30 Mei 1992

Mwikwabe, mume wangu,

Hujambo? Nauliza kweli. Sijapata barua yako tangu nilipokuandikia kwa hasira. Goti limepona, nimeona hata hilo halinifurahishi.

Jana Waitara aliposhuka hakuniangalia usoni. Nikamkamata shati. "Sema." Akasema, "Bibi, Landrova haipo kwa Tomaso. Ilivutwa na trekta kwenda Nyamongo." Nikamwambia, "Na yeye?" Akasema, "Na yeye yupo."

Nilikaa kwenye kizingiti mpaka jioni. Baba yako walimtoa shimoni, nilimzika mzima wa viungo vyote, nikashukuru. Wa mashimoni wengine hawazikwi, mlima unawazika wenyewe.

Leo asubuhi nimeing'oa feni. Misumari ya babu yako ilikuwa mikaidi kama yeye. Bernadetha alishika ngazi huku analia, nikamwambia lia ukiwa umeshika vizuri. Nimeifunga kwenye gunia, nampa Waitara, asiiache gereji, aje nayo mpaka mdomoni mwa shimo akuite kwa jina.

Mchana wageni wa kanisa wamepita lango letu, wamekwenda mpaka kwa akina Machage, wamerudi, wamepita tena. Sasa hatuna jina. Chukua feni, utoke humo.

Bibi yako,
Bhoke


Tarime, 17 Juni 1992

Bibi, shikamoo sana.

Mimi mzima, nimenawa tope. Waitara alikuja na gunia begani, akasimama juu ya duara akapiga kelele, "Mwikwabe wa kwa Feni! Feni yako hii hapa!" Watu mia wakacheka. Injini ilikuwa tayari juu ya mawe, mkanda umefungwa kwenye pampu, ilikuwa bado kuwashwa tu. Felix akasema, "Bibi yako katuma upepo, sisi tunataka maji yatoke." Na mimi nilicheka, Bibi. Halafu nikafungua gunia, nikaona misumari bado imo, imepinda. Kicheko kikaisha.

Nikamwambia Felix, "Bibi kabomoa jina la nyumba. Mimi nibaki humu nangoja nini?" Akaniita mwoga. Siku ya pili wakanisaidia kuirudisha injini, wananitukana huku wanabeba.

Sasa usikasirike. Feni haikuingia. Ina tundu nne, pampu ina tatu, na hata kwa pampu ya zamani ya Landrova isingeingia. Tomaso ameigeuza, akasema, "Hii haijawahi kukaa kwenye Landrova. Hii ni ya trekta." Babu alipigilia langoni feni ya trekta! Ya kwake sijui ilikwenda wapi.

Lakini mapanga yake yanavuta. Tomaso akachonga kisahani cha chuma, tundu tatu ndani, nne nje, tukaifunga. Jana tumepanda mlima ule ule aliponikuta Waitara, magunia ya mahindi nyuma. Nilifika juu nikaweka kiganja kwenye rejeta. Vuguvugu, kama shingo ya ndama.

Nakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi huu kukuchukua, twende Sirari.

Mjukuu wako,
Mwikwabe


Nyambureti, 24 Juni 1992

Mume wangu,

Nimecheka mpaka Bernadetha akaja mbio kuuliza nani amekufa. Ya trekta! Mwizi yule! Sasa nimekumbuka. Juma lile alilopigilia feni tulikula nyama siku nyingi, njaa ya vita iko kote, nikamuuliza nyama inatoka wapi, akasema, "Kula, Bhoke." Kumbe tulikuwa tunakula feni ya Landrova. Wala sikumbuki nyama tamu kama ile.

Sasa habari ya kweli. Juzi amekuja kijana hapa kwa miguu, amepotea mara mbili kutafuta nyumba. Ni Felix. Amekuja kunitaka nikuamuru urudishe injini, maji yamewashinda. Nilimtukana kuanzia mlangoni mpaka jikoni. Alikuwa na njaa, mikono imepasuka, mdogo kuliko nilivyomchukia. Nikampa ugali na mtindi. Akala vyote. Kulipokucha nikamkuta anachanja kuni bila kuambiwa. Akaniuliza akiwa amenipa mgongo, "Bibi, huyo Tomaso hahitaji mtu mwingine?"

Sijui gereji inahitaji nini. Najua hajarudi Nyamongo na leo ni siku ya tatu, kuni zimejaa.

Jumapili ukija, mwambie Tomaso mapema. Na usipange mzigo mwingi nyuma. Mimi nakaa mbele, hilo halina mjadala. Felix anakaa nyuma.

Bibi yako,
Bhoke