Kuku Zimeanguka, Jirani Anafukuzwa

Mama Pascasie wa redio, mimi ni mama wa Katindo, naomba unishauri juu roho yangu haina amani. Nafuga kuku za chair, zile nyeupe za kizungu za nyama, nilizitunza kwa komunyo ya binti yangu Daniella, lakini komunyo ikasogezwa mbele mwezi muzima, nikasema basi, ziendelee kula, zitanona zaidi, na kweli zikanona mpaka majirani wakawa wanakuja kuangalia, na mumoja wao ni Emerance, mujane aliyekimbia vita Masisi, anapanga nyuma yetu na watoto wake, akasimama mulangoni akatikisa kichwa akasema, "Ee Masika, kifua kile na miguu ile! Hizi hazitafika komunyo." Mama, wiki haijaisha kuku zikaanza kukaa chini, zinakula zimelala, ingine inapiga mabawa mara moja inakufa, na moja niliyochinja kifua kilikuwa kigumu kama ubao, na mistari nyeupe ndani ya nyama, mama mukwe akapiga kelele, "Karuho! Ametuwekea sumu!" Sasa avenue yote inasema Emerance ni mulozi, wamemupa mpaka Jumapili ahame, anapita na bidon yake ya maji hakuna anayemusalimia, na mukubwa wa avenue ananingoja mimi nithibitishe. Niseme nini? Na ile nyama, tuile?

Masika

Mama Pascasie anajibu: Masika, pole ya kuku. Kwa mengine sina pole. Mutu alikuonya, wewe ukasikia laana!

Nimeuliza veterinere, munganga wa mifugo, kabla ya kukujibu. Kuku hizo, wazungu walikuwa wanachagua: iliyokua haraka na kujaa kifua ndiyo iliyoachwa izae, na watoto wake vilevile, miaka na miaka. Leo nyama inakimbia, mifupa na moyo vinabaki nyuma. Damu haifiki vizuri ndani ya kifua kinene hivyo, nyama inaharibika kuku ikiwa hai, inakuwa ngumu, inaingia mistari ya mafuta. Na huku kwetu juu milimani, hewa nyepesi, moyo unachoka upesi zaidi. Kuku ya chair inachinjwa karibu na wiki sita. Wewe ukaiongezea mwezi, sahani imejaa, ukafurahia kuionyesha watu. Karuho iko wapi hapo?

Iliyokufa yenyewe izike, usimupe mutu. Zilizobaki, mwite veterinere aziangalie, uchinje bila kungoja komunyo. Kifua kigumu si sumu, kinalika. Siku ya komunyo Daniella atakula maharage, hatakufa.

Lakini Emerance! Mujane akishaitwa mulozi mu Goma hii, nani atamupangisha tena? Usingoje Jumapili. Shika mama mukwe wako mukono, nendeni leo kwa mukubwa wa avenue, mbele ya watu walewale, mseme kwa sauti ileile mliyoitia karuho kwamba mlikosea. Halafu piga hodi kwake. Asipofungua, kaa chini hapo mulangoni.

Na ukikuta chumba kitupu na bidon haipo, Masika, usiniandikie tena habari ya kuku. Anza kumutafuta.