Ubeti wa Tatu Umepatikana

Mama yangu, shikamoo.

Ule ubeti wa tatu wa wimbo wa babu, tunaoupitisha kwa mmm, midomo imefumbwa, tangu daftari la kwaya lilipopotea tukihamia kijiji cha ujamaa, nimeupata hapa Tabora. Umo katika nyaraka za misheni, na mwandiko ni wa babu mwenyewe. Mzee anayezitunza aliniambia ninakili kimya kimya. Nikashindwa, nikauimba. Naye akaweka funguo mezani, akaingia na besi. Michembe yako, vile viazi vikavu ulivyonifungia, tumeila pamoja.

Mwambie mwalimu wa kwaya, anayetaka wimbo uachwe eti una pengo, akae benchi la mbele. Wewe tunza koo lako, mama. Jumapili tunafungua midomo.

Mwanao akupendaye,
Neema