Niliruka Ukurasa wa Mwalimu wa Kemia

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na nakuandikia nikiwa bafuni, maana ndicho chumba pekee nyumbani kwetu ambacho kitasa chake kinafunga, na sitaki mama aone.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, niko darasa la mwisho, na shuleni kwetu kila mwaka wanaomaliza huandaa sherehe ya kuwaaga walimu na wadogo wanaobaki, na mmoja wetu husoma hotuba ya kuchekesha ambamo kila mwalimu ana ukurasa wake, anataniwa, anacheka, yanaisha. Mwaka huu kalamu nilipewa mimi. Sasa mwalimu wetu wa kemia tunamwita Mizani, kwa sababu kwake kila kitu lazima kipimwe, ukichelewa hakufokei, anakuuliza tu, "Sababu yako ina gramu ngapi?" na tangu mwaka jana mikono yake inatetemeka, akimimina kitu maabara unasikia vioo vinagongana, basi mimi nikaandika kwamba Mizani ni bingwa wa vimiminika na vingine huvifanyia majaribio nyumbani kwake kwa kuvinywa. Kwenye mazoezi darasa lilicheka hadi wengine wakalalia madawati, na mwenzetu mmoja tunayemwita Spika, kwa ajili ya sauti yake, akasema hapo ndipo ukumbi utapasuka.

Siku tatu kabla ya sherehe nilimpelekea mama funguo kazini, yeye ni muuguzi, na kwenye benchi nje ya chumba cha daktari wa mishipa ya fahamu nikamwona Mizani ameshika bahasha kubwa kwa mikono yote miwili na bado inatetemeka. Yeye hakuniona. Mama akanivuta pembeni akaniuliza, "Unamjua yule?" Nikasema ni mwalimu wetu. Akasema, "Basi hujamwona. Hili likitoka mdomoni mwako, mimi sina kazi, na yeye utakuwa umemvua nguo mbele za watu."

Kesho yake Mizani akanisimamisha kwenye korido. "Nasikia kalamu iko kwako. Na mimi nimo, au mmenisahau?"

Nikasema, "Umo, mwalimu."

"Vizuri. Usinihurumie."

Shangazi, sikulala vizuri tangu hapo, lakini ukurasa sikuubadilisha, niliogopa Spika na wenzake wataniuliza kwa nini, nikawa najiambia nitajua la kufanya nikifika. Siku yenyewe ukumbi ulijaa, wazazi nyuma, mkuu wa shule mbele kabisa, na nilipofika kwa Mizani nikamwona amekaa wima, tabasamu ameshaliweka tayari, nikafunua kurasa mbili kwa pamoja nikaenda kwa mwalimu wa maktaba. Spika alidhani nimesahau. Akatoka kwenye mstari wetu nyuma yangu jukwaani, akachukua glasi kwenye meza ya wageni, akamimina maji huku anatetemesha mikono mpaka yakamwagika sakafuni, akayanywa yaliyobaki, akapepesuka jukwaa zima. Watu walicheka, Shangazi. Wadogo wa darasa la kwanza wakaanza kutikisa mikono yao. Mizani aliingiza ya kwake mifukoni na haikutoka tena mpaka sherehe ilipokwisha.

Tangu siku ile mzazi mmoja amelalamika kwamba mlevi anawashikisha watoto tindikali, na Jumatatu saa nne kuna kikao cha kuamua kama Mizani ataondolewa maabara. Nikisema nilichokiona namponza mama. Nikinyamaza, mtu ambaye hajanikosea kitu anaharibikiwa kwa sentensi niliyoitunga mimi. Spika anasema, "Tukae kimya wote, tumebakiza mitihani tu, tunaondoka." Nifanye nini?

Mimi, niliyeruka ukurasa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekasirika, kwa hiyo nivumilie.

Ulipoushindwa ule ukurasa, moyo wako ulikuwa mahali pake, hilo nakupa. Lakini karatasi ulikaa nayo siku tatu. Ungeichana ukaandika nyingine ya hizo gramu za sababu, ambayo hata mimi imenichekesha hapa mezani, na Spika ungemwambia tu, "Nimebadilisha." Hukudaiwa maelezo. Mwalimu alikuja kwako kwa miguu yake akaomba ataniwe kama wenzake. Wewe ukamwacha anangoja na tabasamu lake, na nyuma yako amesimama mtu mwenye njaa ya makofi. Ulitegemea nini?

Sasa unaniuliza useme au unyamaze, kana kwamba una kitu kimoja tu cha kusema. Unavyo viwili, na umevichanganya. Ugonjwa wa mwalimu ni wa kwake, mama yako amekuambia kweli, usiuguse. Ulevi ni wa kwako. Uliutunga wewe. Katika barua nzima hujaniambia kwamba uliwahi kumwona amelewa, wala kwamba kuna mtu aliyewahi kumsikia harufu. Hilo ndilo kikao hakijui, na kulisema hakuhitaji kumtaja daktari wala benchi.

Kwa hiyo toka bafuni. Mwambie mama yako leo kwamba unakwenda kwa mkuu wa shule, na unakwenda kusema nini, asije akasikia kwa watu akadhani umemsaliti. Spika mpe nafasi ya kufuatana nawe. Akikataa, nenda peke yako na usimtafutie sababu ya kumsema, yeye glasi yake ilionekana na kila mtu.

Jumatatu fika kabla ya kengele, ukurasa mkononi. Sema hivi: "Maneno ya kwamba mwalimu anakunywa niliyatunga mimi ili watu wacheke. Sijawahi kumwona amelewa hata siku moja." Omba urudie maneno hayohayo mbele ya yule mzazi. Ukiulizwa mikono inatetemeka kwa nini, jibu kwamba hilo aulizwe mwenye mikono, kisha funga mdomo. Huenda ukaadhibiwa. Kubali, usilie ili wakuonee huruma.

Halafu mtafute Mizani, mkiwa wawili. Mwombe radhi kwa ulichoandika, siyo kwa ulichoruka. Akikuuliza uliruka kwa nini, usimdanganye. Mwambie ulimwona pale kwenye benchi, na kwamba hujamwambia mtu yeyote shuleni. Duniani kote, mwanangu, huyo ndiye unayeruhusiwa kumwambia.