Ulichokisikia kwa Daktari

Baba,

Assalaam alaykum. Hukuwahi kupewa salamu ukaacha kuijibu, kwa hiyo hii ya leo inaniuma kuiandika.

Mama yuko hai. Naanza na hilo usije ukahangaika. Yuko hospitali Bujumbura, anapumua kwa oksijeni, na jana ameanza kulalamika kwamba uji wao hauna sukari. Ukimsikia Mama analalamika, ujue anapona. Lakini sikuandikii kwa ajili ya uji. Nina neno na wewe.

Unanijua mwanao. Miaka yote nauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, soko la Rumonge, na gunia silinunui mpaka nimeingiza mkono hadi chini, maana mchanga hauwekwi juu. Ulikuwa unanicheka kutoka kwenye cherehani yako: "Weye Mwajuma, hata jua likitoka utaliuliza limelala kwa nani." Basi tangu tukuzike, mkono wangu ulikuwa ndani ya gunia la yule daktari aliyekupima.

Unalikumbuka juma la harusi yangu. Ulikuwa unakohoa, na korona ilikuwa imeenea mwambao wote, kutoka Kabezi hadi Nyanza-Lac. Nilikupeleka mwenyewe kwa daktari, wakakutoa damu. Majibu uliingia kuyapokea peke yako, mimi nikabaki kwenye benchi nje. Ukatoka unacheka, kofia upande. "Iko gripe tu, mafua haya, mwanangu. Twende, kanzu ya bwana harusi haijapigwa pasi." Nikaamini. Mimi, nisiyeamini hata mizani!

Ijumaa ukakaa mbele ya shehe, wewe ndiye walii wangu, ukaniozesha. Sauti ilikukatika katikati, ukashika kifua. Wanawake wakasema mzee analia kwa furaha, nami nikalia. Kabla hina haijafutika mikononi mwangu, pumzi zikakuishia.

Matangani muuguzi mmoja akaropoka kwamba daktari alishajua kwamba utazidiwa, tangu siku ile ya damu. Alijua! Alijuaje, na wewe ulikuwa unatembea, unakula, unatania watu njiani? Shangazi akasema anayeijua kesho ya mwenzake ndiye aliyeipika. Neno hilo lilinikaa. Nikashuku sindano, nikashuku kichupa walichotilia damu yako, nikashuku hata upole wake yule mtu. Akipita sokoni nilikuwa nageuza uso. Akitaka ndagala namwambia zimeuzwa, huku rundo liko mbele yangu.

Kisha Mama naye akaanza kukohoa. Virusi vya mapafu tena. Safari hii niliingia naye ndani, nikasimama karibu na ile sindano mpaka muuguzi akaniomba nimpishe mwanga. Daktari ni yule yule. Majibu yalipotoka aliniangalia mimi, si Mama.

"Mama iko anapumua muzuri leo," akasema, "lakini damu yake inasema ingine. Kuna kitu tunaita CRP, inapanda mwili ukiwaka moto ndani. Yake imepanda sana, na alama za damu kuganda pia. Haiko hakika, ni Mungu anajua, lakini wengi wa namna hii wanazidiwa nyuma ya siku kidogo tu. Musingoje akose pumzi. Mumupeleke Buja leo."

Nikamuuliza, kwa ukali, mbona yeye hakumwambia mzee wangu hivyo. Akavua miwani.

"Dada, nilimwambia. Maneno haya haya. Akanijibu, nyuma ya Ijumaa, harusi ikiisha, dokta. Akaniomba nisiwaambie."

Baba.

Nilimpakia Mama kwenye teksi bila kumwamini yule mtu sawasawa. Njia nzima, ziwa likiwa kushoto kwetu, nilikuwa nasema moyoni kwamba anadanganya, anajisafisha. Ningefurahi angekuwa anadanganya. Lakini tulipokuwa tumeshafika, Mama alipoanza kutweta vile vile ulivyotweta wewe, oksijeni ilikuwa tayari pembeni mwake. Ndipo nikajua mchanga uko gunia gani.

Baba mdogo angeniozesha. Harusi ingengoja. Nani alikwambia kwamba nilitaka mume siku ile kuliko kukutaka wewe? Ulikaa pale mbele ya shehe unajua, na mimi nikakusifu kwa machozi yako. Nina hasira na wewe. Nakupenda mno, na hasira haiondoki.

Daktari nimempelekea ndagala. Zile ni safi, nilizikagua mwenyewe.

Pumzika, Baba. Mola akipanue kifua chako huko uliko. Nakuahidi hivi: katika nyumba yako, jibu la damu ya mtu yeyote litasikika mbele ya wote, na kama kuna harusi, itangoja. Na siku ukinijia ndotoni, kofia upande, ukaniambia uko salama, nitakuuliza mara ya pili.

Mwanao,
Mwajuma