Hati ya Mjanga Niliyoogopa Kusomewa

Bi Mwatum, shikamoo. Majibu yako ya gazetini huyasikia kila Jumamosi kwa kinyozi yakisomwa kwa sauti, wala sikudhani iko siku na mimi ntakuhitaji. Mimi ni seremala, mzaliwa wa Makunduchi, na mwaka jana nilivuka kwenda Mjanga, huko Bukini, yaani Madagaska, kwa Wafaransa, kutafuta kazi, na Kifaransa nilichokuwa nacho ni neno moja tu, "wi", yaani ndiyo, basi Mfaransa mmoja mwenye karakana kila aliloniuliza nikaitika wi, naye akaniandika kazi, na kesho yake nikajikuta juu ya paa la ghala napigilia mabati, kumbe aliniuliza kama naweza kazi za juu, na mimi nikipanda juu hushikwa na kizunguzungu. Nikavumilia, hata akaona kazi ya mikono yangu, akaniteremsha nikawa natengeneza milango, na mwaka mzima nikakaa kwa raha.

Sasa niko Unguja kwa likizo. Siku ya kuondoka Mfaransa alinipa hati yenye mhuri, akanishika mkono, akasema maneno mengi, nami nikaitika wi. Mwenzangu Jaku alipewa hati kama hii na hakuonekana tena kazini, kwa hiyo nnaogopa nimefukuzwa. Wa kunisomea yupo, lakini nimemposa Sichana, na mjomba wake, Bwana Msabah, ni Mngazija anayekijua Kifaransa barabara, na siku ya posa nilijigamba mbele yake kuwa nami nakisema. Juzi kaniita barazani: "Njoo tuzungumze Kifaransa kidogo, ulimi wangu unashika kutu." Nikamwambia, "Niwie radhi mzee, nnawahi adhana." Akasema, "Adhana bado saa nzima."

Hati nimeitia humu ndani. Meli inaondoka tarehe ishirini. Nirudi, au nitafute kazi hapa hapa?

Mmanga

JIBU

Marahaba, Mmanga. Sisi tumeshaonana, lakini umeniruhusu niichape barua yako ili wanaovuka kwenda ugenini wapate funzo.

Hati yako alinisomea mwalimu mmoja Mngazija anayejua Kifaransa, nikakuita ofisini, ukakaa ukingoni mwa kiti kama mshitakiwa. Hukufukuzwa. Mkataba wako wa mwaka mmoja umemalizika, na mwajiri wako anakupa mwengine wa miaka miwili, uwe mkubwa wa maseremala wa milango. Chini ameongeza kwa mkono wake: "Ukirudi nitaleta mkalimani akusomee kila sharti kabla hujatia saini, maana najua hunifahamu ninaposema." Ulijifunika uso ukacheka mpaka machozi yakakutoka.

Lakini wiki tatu umetembea na habari njema mfukoni huku chakula hakikupiti, kwa sababu ya majigambo. Jaku wala hukumuuliza. Mkataba kumalizika si kufukuzwa. Pengine alipewa mwengine, akaukataa, akaenda zake.

Nilikutuma kwa Bwana Msabah ukaseme kweli, ukaenda. Ukanieleza kwamba alikitua kikombe chake cha kahawa, akasema, "Uongo wako umeniudhi. Lakini mpwa wangu haolewi na Kifaransa." Tangu siku hiyo kila siku baada ya alasiri yuko nawe barazani, anakufundisha. Mshukuru, wala usikose hata siku moja.

Sasa nisikilize. Ukifika Mjanga, usitie saini mpaka mkalimani akueleze saa za kazi, ruhusa ya sala ya Ijumaa, ukiugua inakuwaje, nani anakulipia safari ya kuja likizo, na kila upande ukitaka kuuvunja mkataba utoe taarifa ya muda gani. Omba nakala yako, uiweke. Usilolifahamu, sema hujalifahamu, hakuna aibu. Na ukitakiwa kupanda paa, mwambie wazi kuwa huwezi, usije ukavunjika shingo kwa adabu.

Limebaki moja. Katika yote uliyonieleza, sijasikia kama Sichana ameulizwa iwapo anataka kuhamia Mjanga miaka miwili. Nenda leo nyumbani kwao, kwa idhini ya mjomba wake, umuulize kwa Kiswahili, kisha ukae kimya usikie atakavyojibu.